Unga Chini ya Kitanda: Somo Kuhusu Wadudu wa Mbao za Mukima



Somo la safari hii linawahusu hasa wale wenye karakana. Tunajua mko wengi: vijana wanaotengeneza vitanda na madawati hapa Kutus, akina mama walionunua msumeno na randa kwa pesa za merigoraundi, na wazee wanaochonga mipini ya jembe na shoka na kuiuza siku ya soko kule Kagio. Lakini hata kama kikundi chenu hakina fundi, someni, kwa sababu miti inayozungumziwa imo shambani mwenu.

Tuanze na jambo linalotokea mara nyingi. Mama mmoja ananunua kitanda mwezi wa kwanza. Kimepigwa vanishi, kinang'aa, analipa na kwenda zake akiwa ameridhika. Krismasi ikikaribia anafagia chini ya kitanda na kukuta unga mweupe, laini kama unga wa muhogo. Anaufuta. Kesho yake uko tena. Anapoinama kuangalia vizuri anaona matundu madogo, kama mtu amedunga mbao kwa sindano nene. Anarudi karakana, na anaambiwa, "Mama, hao wadudu ni wa nyumbani kwako."

Hapo jina la kikundi ndipo linapoanza kuharibika, maana mara nyingi neno hilo si kweli. Mdudu hakutoka nyumbani kwa mama. Alitoka karakana akiwa ndani ya mbao, kabla hata ya vanishi kupakwa. Na kama kitanda kimoja kinatoa unga, basi vingine vyote vilivyopasuliwa kutoka gogo lile lile vinaweza kuwa njiani. Fikirini kikundi kilichokopa ili kinunue mbao za vitanda ishirini. Vitanda vinne vikirudishwa, faida yote imekwisha, na mkopo bado unadai.

Mdudu huyu ni nani?

Wengine humwita dumuzi, wengine humwita mdudu wa unga tu. Ni mdudu mdogo, mwembamba, wa rangi ya kahawia, urefu wake milimita tatu hadi sita. Mdudu mzima si yeye anayekula mbao sana. Jike hutafuta mbao yenye vitundu vya asili, vile vinavyoonekana kwenye ncha ya ubao uliokatwa vizuri, na kutaga mayai ndani yake. Funza wanaotoka humo ndio wanaokula. Wanakula ndani kwa ndani miezi kadhaa, hata mwaka mzima, na nje huoni kitu. Siku unapoona tundu, ujue huo ni mlango wa kutokea. Mdudu ameshakula, ameshakua, na sasa anatoka kwenda kutafuta mwenzake na mbao nyingine. Ndiyo sababu kitanda cha Januari hulalamika Desemba.

Sasa, anatafuta nini ndani ya mbao? Anatafuta wanga. Ule ule wanga ulioko kwenye viazi na mahindi. Mti huweka akiba ya wanga katika sehemu yake nyeupe ya nje, karibu na gome. Sehemu ya ndani iliyokomaa, ile yenye rangi ya wekundu katika mukima, haina wanga wa kumfaa, na mdudu huyu haigusi. Angalieni ubao uliopatwa: mara nyingi mtaona upande mmoja umeoza kwa matundu na upande wa moyo wa mti ni mzima kabisa.

Hapa ndipo tunaona kwa nini shida imeongezeka. Zamani fundi alipata mbao za miti mikubwa ya msituni, yenye moyo mpana. Ukataji kutoka Mlima Kenya ulibanwa sana baada ya uharibifu mkubwa kuonekana mwaka 1999, na Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yote ya umma na ya jamii. Ingawa mwezi wa Julai 2023 ilitangazwa kwamba marufuku hiyo imeondolewa, fundi wa Kutus ameshazoea mbao za shambani, na mbao ya shambani kwetu ni mukima, au mubariti kama wengine wanavyouita. Mti huu uliletwa kutoka Australia kutoa kivuli kwa kahawa na chai, na umetufaa sana. Lakini siku hizi tunaukata ukiwa kijana, kwa sababu ada ya shule haingoji. Mti kijana karibu wote ni sehemu nyeupe. Kwa maneno mengine, tunamwandalia mdudu meza.

Mtu atauliza: je, saipresi? Mdudu huyu wa unga haingii saipresi, kwa sababu mbao zake hazina vile vitundu vya kutagia. Saipresi ina adui zake wengine, wakiwemo wadudu wakubwa wanaoingia mti ukiwa bado umesimama, kupitia vidonda vya kupogoa matawi. Hilo ni somo la siku nyingine.

Ndugu yake yuko ghalani

Jambo moja ambalo wakulima wengi hawalijui: yule mdudu mharibifu wa mahindi, ambaye Watanzania walimwita Scania na hapa Kenya watu wakampa jina la Osama, ni wa ukoo mmoja na mdudu wa mbao. Alitoka Amerika ya Kati, na hapa Kenya aligunduliwa Taveta mwaka 1983. Hata leo anaweza kuishi katika mbao pamoja na kula nafaka. Kwa hiyo ghala la zamani lenye nguzo zilizotobolewa si mahali pa kuhifadhi mbao mpya, na nguzo hizo zisiuzwe kwa fundi. Na fundi asirundike vipande vyake ghalani kwa mahindi. Watenganisheni ndugu hawa.

Kila tundu lina habari yake

Kosa kubwa la mafundi ni kuona matundu yote ni sawa. Mmoja hutupa mbao nzuri kwa hofu, mwingine huuza mbao mbaya kwa kutojua. Angalieni hivi.

Tundu dogo la milimita moja au mbili, lenye unga laini sana unaomwagika ukigonga ubao: huyo ndiye mdudu wa unga. Anaendelea na kazi, au aliendelea siku si nyingi.

Tundu dogo lenye kuta nyeusi, kama limechomwa kwa waya wa moto, na halina unga: huyo ni mdudu wa magogo mabichi. Aliingia gogo lilipolala shambani na gome lake. Yeye hali mbao, anaotesha kuvu ndani ya tundu na kula kuvu hiyo. Mbao ikikauka, kuvu inakufa na yeye anakwisha. Ubao wa namna hii ni mbaya kwa sura tu. Tumia kwa mbao za chini ya kitanda au nyuma ya kabati, na mwambie mnunuzi ukweli.

Njia zilizochimbwa juu juu, chini ya gome, kama mito inayoonekana kwenye ramani: hao ni wadudu wa gome. Ukirandia milimita chache, njia zinaisha na mbao iliyobaki ni nzima. Lakini chunguza kwanza kama kuna tundu lililozama kutoka kwenye njia hizo kwenda ndani, kwa sababu funza wengine huanzia kwenye gome na kumalizia kwenye mbao.

Tundu la kidole, kwenye kenchi au chini ya paa, na chini yake unga wa mbao wenye chembe kubwa: ni yule nyuki mweusi mkubwa. Na ukiona vijia vya udongo, huyo ni mchwa, vita vyake ni vingine.

Namna ya kujua kama mdudu yuko hai ni rahisi na haihitaji pesa. Piga ubao mpaka unga wote uishe, futa kwa brashi, zungushia kila tundu kwa chaki. Uweke ubao juu ya kitambaa cheusi au karatasi, mahali pasipo upepo, kwa majuma matatu. Ukiona unga mpya, mweupe, au tundu lisilo na chaki, mdudu yumo. Ukikosa, rudia mara moja kabla ya kuamini, maana funza mdogo hatoi unga nje. Unga wa zamani hugeuka rangi na kushikana na vumbi.

Mipini, na pinde za wazee

Kitanda chenye matundu kinaaibisha. Mpini wenye matundu unaweza kuua. Shoka linapovunjika mpini katikati ya pigo, kichwa chake hakichagui kitakayempata.

Wazee waliokuwa wakitengeneza pinde za kuwindia na kulinda mifugo walilijua hili kuliko sisi. Upinde ukivutwa, upande wa mbele, ule unaomtazama adui, unanyooshwa kwa nguvu, na upande wa tumbo unabanwa. Tundu dogo likiwa upande unaonyooshwa, nyuzi za mbao zimekatwa pale, na ufa utaanzia pale pale. Tundu hilo hilo likiwa upande wa tumbo, upinde unaweza kudumu. Huko Ulaya, pinde zilitengenezwa kwa mti uitwao elmu tangu zamani sana. Denmark, mahali paitwapo Holmegaard, zilichimbuliwa pinde za elmu zenye miaka kama elfu tisa. Mti huo nao umepata taabu ya wadudu: mdudu wa gome alieneza ugonjwa wa kuvu uliokausha mamilioni ya miti hiyo Uingereza tangu mwisho wa miaka ya 1960. Anayechonga upinde wa elmu leo hufanya kazi ile ile tuliyoieleza, yaani kukwangua njia za mdudu mpaka apate nyuzi nzima zisizokatwa kutoka ncha hadi ncha, na kukiacha kipande kama tundu limezama.

Kwa mpini fanyeni vivyo hivyo. Fuata nyuzi kwa jicho. Shingo ya mpini, pale unapoingia kwenye jembe au shoka, isiwe na tundu hata moja, la mdudu hai wala la mdudu aliyekufa. Kuziba kwa gundi na vumbi la mbao hakurudishi nguvu, kunaficha tu. Mpini ukiwa na tundu shingoni, ukate ufanye mpini wa brashi.

Kumzuia kabla hajaingia

Tukishasema yote hayo, kazi kubwa ni kuzuia, na inaanza siku ya kukata mti.

Mafundi wengi husema mti ukatwe wakati mwezi hauonekani. Hatutagombana na mtu juu ya mwezi. Lakini wanga ndani ya mti hupanda na kushuka kwa sababu tunazoweza kuzifuata. Mti unapotoa majani mapya mvua ikianza, unatumia akiba yake. Kwa hiyo kuna faida kukata majani mapya yakishakomaa kidogo, kuliko kukata mwisho wa kiangazi akiba ikiwa imejaa.

Mnaweza kupima wenyewe. Nunueni aidini ya vidonda kwenye duka la dawa, chupa ndogo tu, muipunguze makali kwa maji. Kata kipande kibichi, weka tone kwenye sehemu nyeupe na tone jingine kwenye moyo wa mti. Pale penye wanga patageuka buluu ya kukaribia weusi. Watoto wa shule wataitambua mara moja, ndiyo ile ya kupima majani darasani. Gogo linalogeuka jeusi sana ni gogo la kutia dawa, au la kuchoma mkaa. Msilipeleke kitandani.

Mti ukishakatwa, usiuache umelala na gome kwa miezi udongoni. Hapo ndipo wadudu wa gome na wa magogo mabichi huingia. Pasua mapema, panga mbao kwenye kichanja juu ya mawe, chini ya paa, ukiweka vijiti vya inchi moja kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Usikaushe juani moja kwa moja, zitapinda na kupasuka. Ubao wa inchi moja huku kwetu hesabu miezi miwili hadi mitatu ya hali nzuri ya hewa, zaidi wakati wa mvua. Chukua ubao mmoja, upime uzito kila juma, hata kwa mizani ya kahawa. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Lakini tusidanganyane: kukauka peke yake hakumzuii mdudu wa unga. Yeye anapenda mbao kavu. Kukausha kunazuia wale wengine, na kunafanya kazi yenu isipinde.

Kwa mdudu wa unga kuna njia tatu tunazoziamini.

Ya kwanza haina gharama: tenga sehemu nyeupe. Panga kazi ili miguu na fremu zitoke kwenye moyo, na nyeupe itumike mahali inapoweza kubadilishwa. Kwa mti kijana utapoteza mbao nyingi, ndiyo maana tunawasihi wakulima waache baadhi ya mikima ikue, wapogoe matawi kwa kuni na fito huku shina likinenepa.

Ya pili ni maji na moto. Vipande vidogo kama mipini, vigoda na miguu ya viti vinaweza kuchemshwa kwenye pipa. Joto likifika mpaka katikati ya mbao kwa nyuzi 56 na kukaa nusu saa, mayai na funza hufa. Hicho ndicho kipimo kinachotumika duniani kwa mbao za makasha ya bidhaa zinazovuka mipaka. Kwa kipande cha inchi mbili, chemsha saa mbili tangu maji yaanze kutokota, uwe na hakika. Kuloweka kwenye maji baridi kwa majuma kadhaa pia hupunguza wanga, na watu wa mianzi wameifanya njia hii tangu zamani. Ila, vijana, msiloweke kwenye mifereji ya Mwea. Mtaziba maji ya mpunga ya watu, na mkisimama mle ndani mtarudi nyumbani na kichocho. Chimbeni shimo, mtandike karatasi ya nailoni.

Ya tatu ni dawa ya boraksi pamoja na asidi ya boriki. Kwa lita ishirini za maji ya vuguvugu tia gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki, koroga mpaka iyeyuke. Zamisha mbao zikiwa bado mbichi kwa juma moja, kisha zifunike kwa nailoni majuma mawili matatu ili dawa izame ndani, ndipo uzikaushe. Dawa hii huingia vizuri penye unyevu. Kuipaka juu ya ubao mkavu uliopigwa vanishi ni kupoteza pesa. Pia huoshwa na mvua, kwa hiyo ni ya vitu vya ndani ya nyumba. Vaa glavu, weka mbali na watoto, na akina mama wajawazito wasiishike. Usitumie kwa miiko, vibao vya kukatia chakula wala mizinga ya nyuki. Maji yanayobaki yatumie kwa mbao nyingine. Ukiyamwaga shambani yataunguza mimea.

Ole wao wanaochukua dawa ya kahawa au ya kuogeshea ng'ombe na kupaka kitanda. Mtoto atalala hapo miaka kumi akivuta harufu ile. Sumu kama aldrin na dieldrin, ambazo zamani zilimwagwa kwa mchwa bila kufikiri, zimepigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001; ukimwona mtu ana kopo la zamani, asilifungue wala kulitupa mtoni, amwite ofisa wa kilimo. Oili chafu ya gari ifae nguzo za ua, isiingie nyumbani.

Vanishi nayo? Inasaidia, kwa sababu inaziba vitundu na jike hawezi kutaga. Lakini pakeni pande zote, hata chini na nyuma pasipoonekana, maana jike huingia pale fundi alipoona uvivu. Na kama funza yumo tayari, vanishi haimzuii. Atatoboa na kutoka.

Mteja akirudi

Nenda naye ukaangalie. Kama tundu ni la mdudu wa unga, badilisha ubao ule bila kubishana, na uchome ule wa zamani siku hiyo hiyo; usiuweke kando ukasema utafaa kwa kuni za wiki ijayo. Kisha fungua daftari. Kikundi kinachoandika kila gogo lilitoka shamba gani, likakatwa mwezi gani na likatengeneza vitu gani, kitajua ni wateja gani wengine wa kutembelea kabla hawajaja wenyewe. Wekeni pia akiba kidogo kwenye bei ya kila kitanda kwa ajili ya marekebisho ya namna hii.

Kwa maswali makubwa zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina makao yake Muguga, na kituo chake cha mazao ya misitu kiko Karura. Mkienda, chukueni kipande chenye matundu na unga wake, mkitie kwenye chupa yenye kifuniko.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: kila mwanakikundi alete kipande kimoja chenye matundu kutoka nyumbani kwake, cha kitanda, mpini au nguzo ya ghala, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vipangeni mezani, mjadili kila kimoja ni kazi ya mdudu gani na kama bado yumo. Vile visivyokubaliwa na wote vizungushiwe chaki na kuwekwa juu ya kitambaa cheusi, na katibu aandike tarehe.